Kabla ya kupiga picha pwani, hesabu watoto

Picha ya kwanza ina watoto 3. Ya pili ina watoto 3. Ya tatu, iliyopigwa ndani ya dakika hiyohiyo, ina watoto 2, baba anayecheka, bibi aliyeshika mtandio usichukuliwe na upepo, na nyuma yao bahari nyeupe kwa povu. Ndiyo picha nzuri kuliko zote. Mama aliyeipiga hakujua kilichopungua mpaka alipoiangalia mara ya pili.

Familia hii ni ya mfano, lakini mzazi yeyote aliyewahi kusafiri na watoto na simu mkononi atajiona ndani yake. Tuseme wanatoka Bariadi. Baba ni mwalimu wa sekondari, mama ana duka la vitambaa sokoni, na bibi analima pamba Itilima. Fedha ya pamba imeingia, shule zimefungwa Juni, na watoto wamesoma habari za bahari vitabuni bila kuiona. Wanapanda basi hadi Dodoma, treni ya mwendokasi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha gari hadi Makunduchi, kusini mwa kisiwa. Wanafika kwenye magenge ya mawe saa 10 jioni, wamechoka na wamefurahi. Kitu cha kwanza kutolewa mfukoni ni simu.

Kitindamimba wao, mwenye miaka 4, alipatikana hatua chache tu kutoka pale walipopanga mstari. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiwe, kwenye kidimbwi cha maji ya chumvi, akiokota makombe. Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi alikuwa amemshika mkono.

"Shikamoo mzee," baba alisema, maana hakupata neno jingine.

"Marahaba. Maji yanajaa haya, mwanangu. Pandeni juu."

Walipanda. Baada ya muda mfupi kidimbwi kile kilikuwa chini ya mawimbi.

Hapakuwa na mzazi mzembe pale. Watu wazima 3 walikuwepo, wote wanawapenda watoto wao, wote walikuwa macho. Tatizo ni kwamba wote 3 walikuwa wanaitazama simu moja.

Macho mawili hayafanyi kazi mbili

Anayepiga picha anafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Anatafuta mwanga, anapanga watu, anaangalia kama jua linamulika kioo, anasubiri wimbi lipige ndipo abonyeze. Ubongo ukizama kwenye kazi ya namna hiyo huacha kuona mambo mengine, hata yaliyo mbele ya macho. Si suala la upendo wala akili. Ndivyo binadamu alivyo, na ndiyo sababu dereva haruhusiwi kushika simu.

Wanaopigwa picha nao wamefungwa. Wanatazama kamera, wanatabasamu, wameipa bahari mgongo. Kwa sekunde 20 au 30 hakuna hata mmoja anayemtazama mtoto, na hakuna hata mmoja anayelitazama wimbi.

Mwaka 2018 watafiti kutoka India walichapisha uchunguzi wa vifo vilivyotokea wakati watu wakijipiga picha kwa simu. Walikusanya taarifa za vyombo vya habari kuanzia Oktoba 2011 hadi Novemba 2017 na kupata vifo 259 katika matukio 137 duniani. Sababu iliyoongoza ilikuwa kufa maji: watu waliochukuliwa na mawimbi wakiwa ufukweni, waliozama baada ya mtumbwi kupinduka, waliopiga picha kwenye maji bila kujua kuogelea. Hao ni walioandikwa kwenye habari tu.

Kwa watoto, maji ni hatari hata bila simu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Mtoto mdogo anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko majini, hewa ya kuitia mama haipo. Mzazi anayesubiri kusikia sauti anaweza kuisubiri bure.

Uzoefu wa ziwani unavyodanganya

Mkazi wa Simiyu si mgeni wa maji. Mkoa unagusa Ziwa Victoria upande wa Busega, na familia nyingi za Bariadi zina picha walizopiga Lamadi, kwenye Ghuba ya Speke. Kule mtindo unajulikana. Unafika jioni, jua linazama upande wa ziwa, maji yanageuka rangi ya dhahabu, unapiga picha, unanunua samaki, unarudi nyumbani. Ziwa lina upepo wake na hatari zake, mamba na kichocho wakiwamo, lakini jambo moja halina: halijai na kupwa kila siku. Viatu ulivyoviacha ukingoni mchana utavikuta palepale jioni.

Bahari haiko hivyo, na mzazi aliyekulia karibu na ziwa anaweza kukosea mara mbili kwa siku moja.

Kosa la kwanza ni la mahali pa kusimama. Pwani ya Zanzibar maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kila siku. Toka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6. Siku za bamvu, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mchanga, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hukaribia mita 4. Huo ni urefu unaozidi ukuta wa nyumba ya kawaida. Mchanga uliotembelewa na watoto asubuhi unaweza kuwa kina cha kumfunika baba yao jioni.

Kosa la pili ni la saa. Siku za bamvu, Unguja hupwa sana karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi na hujaa sana karibu saa 10 hadi saa 11 jioni. Yaani muda uleule ambao mtu wa Bariadi amezoea kwenda kupiga picha Lamadi ndio muda ambao bahari ya Makunduchi imejaa kabisa na mawimbi yanapiga mawe.

Na kwa picha yenyewe, jioni si muda mzuri upande huo. Pwani ya mashariki ya Unguja inatazama jua likichomoza, si likizama. Jioni jua liko nyuma, upande wa nchi kavu, na uso wa magenge uko kivulini. Asubuhi jua linatoka baharini na kumulika mawe usoni, rangi zinaonekana, nyuso za watoto zinaonekana. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa 12 na nusu. Siku za bamvu, muda huo maji yanashuka. Mwanga mzuri na maji yanayotoka vinakuja pamoja, na familia iliyoamka mapema inapata vyote viwili.

Wiki ya mwezi nusu mambo hugeuka. Hayo ni maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na saa zake huhama, asubuhi ya saa 4 yakiwa yamejaa na jioni ya saa 10 yakiwa yamepwa. Kwa sababu saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, usitegemee ulichoambiwa juzi. Uliza leo.

Wa kuuliza wapo. Wavuvi wanajua. Wanawake wanaolima mwani katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989, wanajua zaidi, kwa sababu kazi yao yote inafuata maji. Ukiwaona wanatembea kwenda mbali baharini, maji yanatoka. Ukiwaona wanarudi na mizigo yao, yanaingia, nawe uwe umeshawapandisha watoto. Ukitaka kuwapiga picha, salimia kwanza na uombe ruhusa. Wako kazini kama mtu aliye shambani kwake, na shambani kwa mtu huingii na kamera bila hodi.

Likizo ya Juni na upepo wa kusi

Kuna jambo jingine ambalo kalenda ya shule haisemi. Kuanzia karibu Aprili hadi Septemba pwani yote ya Afrika Mashariki hupigwa na upepo wa kusi. Kuanzia karibu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, na kwa Unguja hupiga moja kwa moja upande wa Makunduchi, Mtende na Jambiani.

Kwa hiyo likizo ya katikati ya mwaka, wakati familia za bara zina nafasi na fedha za mavuno, ndiyo wakati ambao upande huo wa kisiwa una upepo mkali na mawimbi makubwa. Ndiyo maana picha zake zinavutia. Minazi imeinama, povu linaruka juu ya mawe, kanga zinapepea kama bendera. Mpiga picha anaipenda hali hiyo. Mzazi anatakiwa kuiogopa kidogo.

Sehemu nyingi za pwani ya mashariki zina mwamba wa matumbawe baharini unaovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Maji yakipwa, mwamba huo ni ngome. Yakijaa, mawimbi hupita juu yake. Na pale mwamba ulipo karibu na nchi kavu, wimbi hufika kwenye mawe likiwa na nguvu zake zote.

Mawimbi pia hayalingani. Yanaweza kuja madogo kwa dakika kadhaa, watu wakazoea, wakasogea, kisha likaja moja au mawili makubwa. Kabla ya kushuka kwenye mawe, kaeni juu dakika 10 mkitazama tu. Watoto waambiwe wahesabu mawimbi. Huo ni mchezo kwao na ni uchunguzi kwako.

Halafu tazama jiwe lenyewe. Jiwe kavu, lenye vumbi au majani, liko salama kuliko jiwe lenye unyevu. Jiwe lenye maji au lenye utelezi wa kijani linakuambia wazi kuwa wimbi hulifikia. Hata kama sasa hivi halifiki, lilifika muda si mrefu.

Juu ya jabali, chini kuna nini?

Mawe ya pwani ya kusini mashariki ya Unguja ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Ni magumu kwa kuyashika lakini yamejaa matundu, na makali kama kioo kilichovunjika. Kwa miaka mingi mawimbi yameyala sehemu ya chini, mpaka sehemu ya juu imebaki imening'inia kama paa la kibanda. Ukiwa juu unaona uwanja mpana. Aliye chini anaona kwamba umesimama kwenye ubao usio na mguu.

Kwa hiyo ukingo wa genge usiwe mahali pa kupigia picha, hata kama kila mtu mtandaoni amesimama pale. Familia yenye watoto isimame mbali na ukingo, hatua 10 au zaidi za mtu mzima. Simu ya leo inaweza kukuza picha. Mpiga picha akirudi nyuma, akakuza kidogo, bahari nyuma ya watoto huonekana kubwa na ya karibu kuliko ilivyo. Ni ufundi rahisi: picha inaonyesha kama mko ukingoni, kumbe hampo.

Njia nyingine ni kutoiweka bahari mgongoni kabisa. Panga watu bahari iwe ubavuni mwao. Kila mtu anaweza kugeuza shingo akaona kinachokuja, na picha inapata mstari wote wa pwani badala ya maji peke yake. Mpiga picha naye asirudi kinyumenyume akiwa anatazama kioo. Asimame, ashushe simu, ageuke, atembee, kisha anyanyue simu tena.

Mmoja anapiga, mmoja analinda

Kama mzazi atakumbuka jambo moja tu katika ukurasa huu, liwe hili: popote penye maji, anayepiga picha si mlinzi. Kazi hizo ni za watu wawili tofauti, na lazima zigawiwe kwa maneno.

Kugawa kwa maneno kuna maana yake. Familia ile ya mfano ilikuwa na watu wazima 3. Baba alidhani mama anamwona mtoto, kwa sababu ndiye aliyekuwa anawatazama wote kupitia kioo. Mama alidhani bibi amemshika mkono. Bibi alidhani mtoto yuko kwa baba yake. Mtoto wa watu 3 alikuwa hana mtu.

Semeni hivi kwa sauti: "Mama Junior, wewe piga picha. Mimi nina watoto." Na mkibadilishana semeni tena: "Sasa nimekuachia watoto." "Haya, ninao." Inaweza kuonekana kama mchezo wa kitoto, lakini ndivyo hata wauguzi wanavyokabidhiana wagonjwa zamu inapobadilika. Mgonjwa asiyekabidhiwa husahaulika.

Mlinzi ana masharti yake. Haingii kwenye picha. Hashiki simu yake. Mtoto wa chini ya miaka 5 anakuwa umbali wa kufikiwa kwa mkono, si kwa kuitwa. Kama mtoto huyo yumo kwenye picha, mlinzi anasimama pembeni mwa fremu, hatua moja. Na dada mwenye miaka 9 au 10 si mlinzi. Ni mtoto pia, na akimfuata mdogo wake kwenye maji wanapotea wawili.

Kama uko peke yako na watoto, chaguo ni rahisi ingawa linauma: kwenye mawe huna picha. Shuka ufukweni penye mchanga maji yakiwa yamepwa, waketishe, piga, maliza. Au mwombe mwenyeji awapige nyote, wewe ukiwa umewashika. Picha ambayo mama yumo ndani huwa adimu katika simu za familia nyingi, na watoto wakikua wataitafuta hiyo.

Kabla ya kubonyeza, hesabu watoto kwa sauti. Baada ya kubonyeza, hesabu tena. Inachukua sekunde 3.

Miguu, jua na chumvi

Mawe haya hayafai kwa makubazi. Yanateleza na kuchomoka. Mtoto avae raba au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma uliovutwa vizuri. Kwenye vidimbwi kuna wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukiingia mguuni huvunjikia ndani. Mguu uliochomwa uwekwe kwenye maji ya moto yanayovumilika, ambayo mtu mzima ameyajaribu kwanza kwa mkono wake ili yasimuunguze mtoto, kwa nusu saa au zaidi. Hilo hupunguza maumivu. Miiba iliyobaki ndani itolewe kituo cha afya, isichokolewe kwa pini.

Kidonda cha jiwe la matumbawe kioshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, mpaka vipande vyote vitoke. Vidonda hivi huchelewa kupona na hupata wadudu kwa urahisi. Kikianza kuvimba, kuwa chekundu au kutoa usaha, nenda kwa daktari. Beba kadi ya kliniki ya mtoto pia, ili mhudumu aone kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Kusi ina udanganyifu mwingine. Upepo unapoza mwili, mtoto hasikii joto, kumbe jua linaendelea kumchoma na maji yanamtoka. Kofia, shati la mikono mirefu na maji ya kunywa kila baada ya muda mfupi ni lazima hata siku ya mawingu. Kwa mtoto mwenye ualbino, jua la pwani linalorudishwa na mchanga mweupe ni hatari kubwa zaidi. Apakwe losheni ya kujikinga na jua kabla ya kutoka na arudiwe baada ya maji. Nchini losheni ya aina hiyo hutengenezwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Picha zake zipigwe asubuhi mapema, muda ambao kama ilivyoonekana ndio mzuri kwa kila mtu.

Na simu? Povu la bahari huacha chumvi kwenye kioo cha kamera, na picha zote zinatoka na ukungu. Futa kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usifute chumvi kavu kwa pindo la kanga, itakwaruza kioo.

Likitokea la kutokea

Kabla ya kushuka, muulize mwenyeji kituo cha afya kilicho karibu. Upande wa Makunduchi kuna hospitali. Weka kwenye simu namba ya mwenyeji aliyekupokea na ya dereva.

Mtoto akichukuliwa na maji, usiruke kama hujui kuogelea kwenye mawimbi. Familia nyingi hupoteza watu wawili kwa namna hiyo. Piga kelele kuita wavuvi. Mtupie kitu kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo humbeba mtu mzima. Kanga mbili zilizofungwa pamoja ni kamba. Mtu mmoja asimame na asiondoe macho pale alipoonekana mara ya mwisho.

Akitolewa na hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo inayoanza. Kisha sukuma katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kifua kikibonyea theluthi moja ya unene wake, halafu pumzi 2. Endelea hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini na usimkamue tumbo. Hayo huchelewesha hewa na yanaweza kumpalia matapishi. Hata akizinduka na kuomba soda, mpeleke hospitali. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuleta shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Bahari iko mbali, lambo liko jirani

Wazazi wengi wa Simiyu wanaosoma ukurasa huu hawatafika Makunduchi mwaka huu. Watafika lamboni. Maji ya mifugo, kisima kisicho na mfuniko, bwawa lililojaa masika, korongo la mto uliokuwa mkavu juzi: hayo ndiyo maji ambayo watoto wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega wanayaona kila siku. Hayana povu wala hayavutii kamera, kwa hiyo hakuna anayeyaogopa.

Sheria ni ileile. Mama anafua, nani ana watoto? Baba ananywesha ng'ombe, nani ana watoto? Harusi inaendelea Lamadi ufukweni, maharusi wanapigwa picha na ndugu wote wamegeukia kamera, nani ana watoto? Kama jibu ni "wapo hapohapo wanacheza," basi hakuna aliye nao.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mzee wa mshipi kule Makunduchi hakuwa na methali siku ile, alikuwa na mkono mmoja ulioshika mtoto wa wenyewe na mwingine ulioshika mshipi. Familia ile ilirudi asubuhi iliyofuata, saa 1 kasoro, maji yakitoka. Baba alikaa pembeni bila simu, kitindamimba akiwa mapajani kwake. Mama alipiga picha 4 tu.

Sasa ziko ukutani, sebuleni Bariadi. Mgeni akizitazama huuliza kwa nini baba hayumo.

"Yumo," mama hujibu, na kuonyesha ukingo wa picha, palipo na kiwiko cha mkono.